Taiti Endi Kiraka: Mwongozo Kamili wa Kumsoma Uwanjani na Kuijua Thamani Yake

Tarehe 19 Januari 2020, San Francisco 49ers waliwafunga Green Bay Packers 37–20 na kukata tiketi ya Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Kotabeki wao (mrushaji wa pasi), Jimmy Garoppolo, alirusha pasi nane tu mechi nzima. Mkimbiaji Raheem Mostert alikimbia yadi 220 na kufunga tachidauni nne. George Kittle, taiti endi (mchezaji wa ncha ya mstari anayezuia na pia kudaka) aliyekuwa ametajwa kwenye kikosi bora cha ligi msimu huo, alidaka mpira mmoja. Anayesoma takwimu asubuhi atadhani Kittle alishinda benchi. Kumbe alikuwa uwanjani akishirikiana na wenzake kufungua njia alizopita Mostert, na kazi hiyo haina safu yake kwenye jedwali.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuiona. Nachukulia kwamba misingi ya futiboli ya Kimarekani unaijua: wachezaji 11 kila upande, majaribio manne ya kusogea yadi 10, tachidauni pointi sita. Zaidi ya hapo unahitaji daftari, kalamu, na uvumilivu wa kutoufuata mpira kwa macho walau kwa robo moja ya mechi. Mechi za Jumapili mchana za mashariki ya Marekani huanza saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, au saa tatu baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, kwa hiyo hata mwenye kazi Jumatatu anaweza kutazama nusu ya kwanza bila kujidhulumu. Ile ya Jumapili usiku huanza baada ya saa tisa usiku kwetu. Hiyo waachie waliokwisha kunogewa.

Kwanza, sheria inamhesabu nani

Kwa kawaida timu inayoshambulia huweka watu saba kwenye mstari wa kuanzia. Watano wa katikati ndio ukuta. Hao wanazuia, hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele, na huvaa namba 50 hadi 79. Wawili wa mwisho, mmoja kila ncha, wanaruhusiwa kudaka. Taiti endi ni yule wa ncha anayesimama karibu kabisa na ukuta badala ya kwenda mbali pembeni. Mahali pake ni pa mzuiaji, lakini sheria inamhesabu kuwa mpokeaji, na faida yake yote inaanzia hapo.

Kuna mtego mdogo wa kuujua. Mpokeaji mwingine akisimama nje yake kwenye mstari uleule, taiti endi anakuwa amefunikwa na hana tena haki ya kudaka. Kwa hiyo ukiona mpokeaji wa pembeni wa upande wake amerudi nyuma hatua moja, amefanya hivyo makusudi ili kumwachia mwenzake haki hiyo. Usiitegemee namba ya jezi. Zamani taiti endi wengi walivaa namba za themanini au arobaini na kitu, lakini mwaka 2021 ligi ililegeza kanuni, na sasa utawakuta hata na namba za tarakimu moja.

Ukitokea kwenye raga utashtuka kidogo, maana kumzuia mtu asiye na mpira, ambalo kule ni kosa, hapa ni nusu ya kazi anayolipwa.

Hatua ya 1: Hesabu kikosi kabla mpira haujatoka

Makocha hutaja vikosi kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni idadi ya wakimbiaji, ya pili ni idadi ya taiti endi, na wanaobaki hadi kutimia watano (ukiondoa kotabeki na ukuta) ni wapokeaji wa pembeni. Kikosi 11 kina mkimbiaji mmoja, taiti endi mmoja na wapokeaji watatu, na ndicho utakachokiona mara nyingi zaidi NFL. Kikosi 12 kina taiti endi wawili, 13 kina watatu.

Andika tarakimu hizo, kisha geukia upande wa pili. Ulinzi nao una la kuchagua. Unaweza kuingiza lainibeka watatu, watu wazito wa kusimamisha mbio, au kumtoa mmoja na kumleta beki wa tano, mwepesi wa kukimbizana na wapokeaji. Sasa jiweke kwenye viatu vya kocha wa ulinzi anayeona taiti endi wawili wanaingia. Kama wote ni wazuiaji tu, hana haja ya kuumiza kichwa: analeta wazito. Kama ni wadakaji tu wasioweza kumsukuma mtu, analeta wepesi. Lakini kama ni viraka, wanaomudu yote mawili, kila jibu lina tundu. Akileta wazito, kotabeki anamtafuta lainibeka aliyebaki peke yake na mtu mwenye mbio kuliko yeye. Akileta wepesi, taiti endi wa kilo 113 anamsukuma beki wa kilo 85 na mkimbiaji anapita mlemle.

Kwenye soka letu kiraka ni yule anayecheza beki wiki hii na kiungo wiki ijayo. Huyu hubadilisha kazi kati ya jaribio moja na linalofuata, na anayemkabili hajui safari hii ni zamu ya kazi gani. Thamani yake iko hapo, na hatua zote zinazofuata ni njia za kuipima.

Mfano uliokamilika zaidi ni New England Patriots wa 2011. Mwaka uliotangulia walikuwa wamewachukua taiti endi Rob Gronkowski na Aaron Hernandez kwenye drafti moja, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Msimu huo Gronkowski alidaka pasi 90 kwa yadi 1,327 na tachidauni 17, rekodi ya taiti endi kwa msimu mmoja. Hernandez alidaka 79 kwa yadi 910. Kwenye mechi ya mchujo dhidi ya Denver, Januari 2012, Hernandez alisimama hata nyuma ya kotabeki kama mkimbiaji, akabeba mpira mara tano kwa yadi 61. Ukali wa mfumo ule ulitokana na kanuni moja ndogo: timu inayoshambulia isipobadilisha mtu, hailazimiki kuusubiri ulinzi ubadilishe wake. Patriots waliharakisha. Watu walewale 11 walijipanga kama kikosi cha mbio kwenye jaribio moja, na kwenye jaribio lililofuata wakatawanyika kama kikosi cha pasi, huku walinzi wakihema na kocha wao hana nafasi ya kuingiza mtu.

Hatua ya 2: Andika anaposimama

Tumia herufi. M ni mstarini, bega kwa bega na ukuta, mara nyingi mkono ukigusa nyasi. N ni nyuma kidogo ya mstari, kama yadi moja, karibu na ukuta. K ni kati, kwenye nafasi iliyopo baina ya ukuta na mpokeaji wa pembeni. P ni pembeni kabisa. Anaposimama karibu na kotabeki, nyuma, andika Y.

Nusu moja ya mechi inatosha kukupa picha. Ukikuta K na P zimejaa na M ni chache, unamtazama mpokeaji mwenye mwili mkubwa, ambaye pengine ni hatari, lakini si kiraka. Ukikuta M tupu, ni mzuiaji wa ziada. Unayemtafuta ni yule ambaye herufi zake zimetapakaa.

Tazama pia anapohama kabla mpira haujatoka. Kocha hamhamishi kwa mapambo. Taiti endi akitoka M kwenda P, mtazame anayemfuata. Akitoka naye lainibeka au beki wa ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulinzi unakaba mtu kwa mtu. Kama hakuna aliyehama naye na konabeki, beki anayekaba wapokeaji wa pembeni, ndiye anayemsubiri, ulinzi unakaba eneo. Kotabeki amekwisha kuusoma mtihani kabla ya kengele, na aliyemletea karatasi ni taiti endi, hata kama pasi itakwenda kwa mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Hesabu milango

Hapa watazamaji wengi hupapita haraka, nami nadhani ndipo penye utamu kuliko kwingine kote.

Ukuta wa watu watano una milango sita ya kupita mkimbiaji: minne baina yao, na mmoja nje ya kila ncha. Ulinzi hugawana milango hiyo, kila mtu na wake. Taiti endi akisimama M anaongeza mlango wa saba upande wake, na lazima mtu apatikane wa kuulinda. Akihama kutoka kulia kwenda kushoto sekunde moja kabla ya mpira kutoka, mlango unahama naye. Ulinzi uliokuwa umejipanga vizuri unalazimika kusogea au kubadilishana majukumu kwa kupigiana kelele. Mmoja asiposikia, mkimbiaji anapita.

Lakini mlango una maana tu kama taiti endi anaweza kuushikilia. Mtu anayesimama mbele yake mara nyingi ni yule wa ukingoni, mwenye kulipwa mamilioni kwa ajili ya kumwangusha kotabeki. Usiangalie kama taiti endi amemwangusha, kwa kuwa hilo hutokea kwa nadra. Angalia mambo matatu. Miguu yake: inaendelea kutembea baada ya kugongana, au imeganda? Mikono: iko ndani kwenye kifua cha mpinzani, au imeshika nje ya mabega, ambako mwamuzi anaweza kumwadhibu? Na makalio: yako upande gani? Akifaulu kuuweka mwili wake kati ya mlinzi na mahali mkimbiaji anapoelekea, kazi imekwisha hata kama hajamsogeza hata inchi moja.

Kisha mtafute anapozuia akitembea. Timu ya Kyle Shanahan, kocha wa 49ers, hupenda jaribio ambalo ukuta wote unasogea upande mmoja, tuseme kushoto, halafu taiti endi anakatiza nyuma yao kwenda kulia na kumgonga mtu wa ukingoni aliyeachwa huru makusudi. Mtu huyo anaona njia nyeupe, anakurupuka, kisha anakutana na mwili wa kilo 113 uliotokea pembeni. Kittle amelifanya hilo miaka nenda miaka rudi, na kwa uso wake inaonekana analifurahia kuliko kudaka mpira.

Hatua ya 4: Fuata njia zake za pasi

Njia za taiti endi si nyingi kama za mpokeaji wa pembeni. Kuna ile fupi ya kutoka kwenda pembeni, ile ya kukatiza uwanja kutoka upande mmoja hadi wa pili, ile ya kwenda yadi tano au sita na kugeuka, na ile ya kunyoosha katikati baina ya mabeki wawili wa mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowatisha walinzi. Mara nyingi mabeki wawili wakigawana nyuma, katikati panabaki wazi. Lainibeka anapaswa kukimbia kinyumenyume kupafunika, na si wengi wanaoweza kufanya hivyo na mtu mwenye kasi ya Kittle.

Kuna ujuzi mwingine usiohitaji kasi, nao ni kusoma. Baadhi ya njia humwachia taiti endi uamuzi: akikuta anakabwa na mtu aendelee kukimbia, akikuta eneo tupu asimame ndani yake na kumgeukia kotabeki. Travis Kelce wa Kansas City, ambaye chuoni Cincinnati aliwahi kucheza ukotabeki, ndiye mwalimu wa somo hili. Tarehe 23 Januari 2022 Buffalo Bills walikuwa wakiongoza 36–33, zikiwa zimebaki sekunde 13. Pasi ya kwanza, kwa Tyreek Hill, ilileta yadi 19. Ya pili ilikwenda kwa Kelce. Aliuona ulinzi ulivyojipanga, akaiacha njia aliyochorewa na kunyoosha katikati; Patrick Mahomes alikuwa ameliona jambo hilohilo na kumpigia kelele alifanye. Yadi 25. Harrison Butker akapiga mpira wa yadi 49 kusawazisha, na katika muda wa nyongeza Kelce huyohuyo akadaka tachidauni ya ushindi, 42–36.

Jambo la kuandika kwenye daftari: akipata mpira, alikuwa akikimbia au amesimama? Na je, palikuwa na mlinzi ndani ya hatua mbili? Anayedaka akiwa amesimama peke yake mara kwa mara hana bahati tu, anasoma.

Baada ya kudaka, mtazame anavyoanguka. Tarehe 8 Desemba 2019, 49ers wakiwa nyuma 46–45 huko New Orleans, jaribio la nne, yadi mbili zinahitajika. Kittle alidaka pasi fupi na kwenda yadi 39, sehemu ya mwisho akimburuta beki aliyemng'ang'ania kwenye kofia. 49ers walishinda 48–46.

Hatua ya 5: Tafuta danganya toto

Sasa unganisha hatua ya tatu na ya nne. Lile jaribio la kukatiza nyuma ya ukuta na kumgonga mtu wa ukingoni litarudiwa mara kadhaa kwenye mechi. Liwekee alama kila likitokea. Baadaye utaona mwanzo uleule: ukuta unasogea kushoto, taiti endi anakatiza kulia. Safari hii kotabeki anajifanya kutoa mpira kwa mkimbiaji, mtu wa ukingoni anajikaza kupokea kishindo, na taiti endi anampita kama hamjui, anatokea pembeni, hakuna mtu. Pasi ya yadi tatu, mbio za yadi 20.

Danganya toto hiyo haifanyi kazi kwa mtu asiyezuia kweli. Mlinzi hakurupukii tishio ambalo halijawahi kumuumiza. Ndiyo maana ukimpata taiti endi mwenye pasi tatu tu lakini kila moja yuko wazi kabisa, rudi nyuma kwenye daftari utazame alivyozuia robo ya kwanza.

Toleo dogo la hila hii ni kumgonga kwanza anayemkimbiza kotabeki, kwa bega, nusu sekunde, kisha kutoka kwenda kupokea. Anakuwa amemsaidia mwenzake wa ukutani na bado ni mpokeaji.

Hatua ya 6: Soma takwimu ukijua zinaficha nini

Takwimu za kudaka zina heshima zake. Tony Gonzalez, aliyecheza pia mpira wa kikapu chuoni California, alimaliza na pasi 1,325 na yadi 15,127. Antonio Gates hakucheza futiboli chuoni Kent State, alikuwa mtu wa kikapu. Hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2003, na bado ana tachidauni 116, nyingi kuliko taiti endi yeyote. Kelce alipata yadi 1,416 mwaka 2020, na Desemba 2018 Kittle alipata yadi 210 dhidi ya Denver katika nusu ya kwanza peke yake. Rekodi ya taiti endi kwa mechi moja ni 214. Nusu ya pili hakuongeza hata yadi moja, kwa kuwa Denver hawakukubali tena kuaibishwa na mtu yuleyule.

Ila tahadhari. Mwaka 1961 Mike Ditka wa Chicago Bears, msimu wake wa kwanza, alipata yadi 1,076. Rekodi hiyo ya taiti endi chipukizi ilisimama hadi 2024, Brock Bowers wa Las Vegas Raiders alipopata 1,194 kwa pasi 112, nyingi kuliko chipukizi wa nafasi yoyote. Raiders wake walimaliza msimu na ushindi mara nne na vipigo 13. Timu isiyo na kotabeki wa kueleweka humrushia taiti endi kwa sababu yuko karibu, na namba zinapanda bila ushindi kupanda. Kwa hiyo kando ya yadi zake andika vitu viwili: pasi ngapi zilidakwa kwenye jaribio la tatu na kuleta majaribio mapya, na mkimbiaji wa timu hupata wastani gani taiti endi huyo akiwa uwanjani, na gani akiwa majeruhi.

Hatua ya 7: Linganisha na bei

Soko la NFL bado linamlipa taiti endi pungufu ya mpokeaji wa pembeni, na kesi ya Jimmy Graham inaonyesha kwa nini kuwa kiraka kunaweza kumgharimu mchezaji mwenyewe. Mwaka 2013 Graham aliipa New Orleans Saints pasi 86, yadi 1,215 na tachidauni 16. Klabu ikamzuia kwa mkataba wa mwaka mmoja ambao malipo yake hupangwa kwa nafasi ya mchezaji: taiti endi dola milioni 7.05, mpokeaji wa pembeni milioni 12.3. Graham alidai yeye ni mpokeaji, na alikuwa na hoja, kwani takriban theluthi mbili ya majaribio alisimama mbali na ukuta. Julai 2014 msuluhishi Stephen Burbank aliamua kwamba yeye ni taiti endi. Kwa lugha ya daftari letu, hata K zake nyingi zilihesabiwa kama M, kwa kuwa alikuwa bado karibu na ukuta. Baadaye walielewana kwa milioni 40 za miaka minne.

Kwa klabu, hesabu hiyo ni tamu. Kelce alichukuliwa wa 63 kwenye drafti ya 2013, Kittle wa 146 mwaka 2017. Kwa nafasi za chini hivyo ulipata mzuiaji na mpokeaji kwa mshahara wa mtu mmoja, hadi siku ya kusaini mkataba mpya; Kittle alisaini wake 2020, milioni 75 kwa miaka mitano. Tatizo ni kwamba viraka huchelewa kuiva. Chipukizi anajifunza kazi ya ukuta na ya wapokeaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo usimhukumu kwa msimu wa kwanza. Bowers ni kisa cha peke yake.

Jaribio la mwisho la daftari

Ukishamaliza hatua hizo kwa mechi mbili tatu za taiti endi mmoja, fanya mtihani huu. Kila timu inapojipanga, tazama mahali aliposimama tu, kisha kabla mpira haujatoka andika utabiri wako: mbio au pasi. Sahihisha baada ya kila jaribio. Acha kando majaribio ya tatu yenye yadi nyingi, kwa kuwa hapo kila mtu anajua ni pasi. Ukipatia mara nane kati ya kumi, na wewe uko kwenye kochi na chai yako, basi kocha wa ulinzi aliyetazama video zake wiki nzima anapatia tisa, na taiti endi huyo ni wa kazi moja, hata kama yadi zake ni nyingi. Ukikosea karibu nusu, mwandike jina kwa wino.